Mgeni Aliyepandishwa Ngazi Bure

Kila likizo Yuhe alimsaidia bibi yake katika duka la tambi lililokuwa chini ya jengo walimoishi, mjini Chongqing. Alipanga vigoda nje, akafuta meza, akajaza vibakuli vya pilipili ya kukaanga. Watoto wa mtaa walimwita Ramani, maana hapakuwa na uchochoro wala ngazi asiyoijua. Katika mji ule wa vilima, ambako mtu huingia jengo kwa ghorofa ya chini na kutokea barabara nyingine kwa ghorofa ya kumi, jina hilo halikuwa dogo. Yuhe alilipenda kupita kiasi.

Mchana mmoja wa joto kali alifika mama wa kigeni, uso umemwiva kwa jua. Aliitwa Ilinca, mtalii kutoka Romania. Alisema na simu yake, nayo ikatafsiri kwa sauti laini ya kike kwamba anatafuta nyumba ya wageni iitwayo Mawingu. Asubuhi alipotoka kutembea aliacha mapokezi begi lake na pasipoti. Treni yake ilikuwa inaondoka saa tisa. Akiikosa, angeikosa na ndege, na keshokutwa binti yake alikuwa anaolewa. Ramani ya simu ilishikilia kwamba amekwisha fika, ilhali mbele yake aliona sufuria za tambi tu.

Yuhe hakuwahi kulisikia jina hilo. Lakini rafiki yake Zeng Lei alikuwa ameketi palepale akifyonza tambi, macho kwake.

"Haya, Ramani," Lei akasema. "Au leo na wewe umepotea?"

"Nipotee wapi? Napajua," Yuhe akajibu. Akamwonyesha mgeni ngazi ndefu za ng'ambo ya barabara. "Panda mpaka juu kabisa, halafu kata kushoto."

Ilinca akashukuru, akapanda. Aliporudi alikuwa anahema, blauzi imemganda mgongoni. Huko juu alikuta shule ya udereva na duka la miwani. Hapo ndipo Yuhe angekomea, lakini Lei alikuwa anacheka chinichini, na kicheko hicho kilimchoma. Akamwambia mgeni basi itakuwa kule chini, karibu na mto.

Bibi alichungulia kutoka jikoni, akaona mtu anatiririka jasho, akamletea kikombe cha maji ya moto kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Ilinca aliutazama ule mvuke, akaomba barafu. Bibi akasema barafu itamvuruga tumbo, akamwongezea ya moto. Kisha akarudi kwenye sufuria zake, maana wateja walikuwa wengi, na mgeni alikuwa mikononi mwa Yuhe ajuaye njia zote.

Kule mtoni hakukuwa na Mawingu wala jina linalofanana nayo. Safari hii Ilinca aliporudi hakukaa. Kisigino cha kiatu kilikuwa kimebanduka na machozi yanamlengalenga. Aliongea na simu kwa muda mrefu, akirusha mikono, mishipa ya shingo imemsimama. Simu ikasema kwa upole uleule: "Msichana mpendwa, tafadhali, unapajua mahali hapa au hupajui?"

Lei aliacha kucheka. Saa ya ukutani ilikwisha pita saa nane. Yuhe aliweka chini kitambaa cha kufutia meza.

"Sijui," akasema. "Tangu mwanzo sikujua."

Simu ilitafsiri na hayo. Ilinca akaketi kwenye kigoda, akajishika kichwa.

"Hujui?" Bibi alitoka na upawa mkononi. "Mtu kapanda kashuka mji mzima, kumbe hujui? Mimi nipo hapa, wateja wamejaa hapa, umeshindwa hata kuuliza?"

Hakungoja jibu. Aliwageukia wateja, akauliza kwa sauti kubwa nani anaijua Mawingu. Jirani mmoja hakuinua hata uso kutoka kwenye bakuli. Alisema iko ghorofa ya saba, hapahapa juu ya vichwa vyao. Ilifunguliwa juzi juzi, na wageni wake huingilia barabara ya juu.

Yuhe alimpandisha Ilinca kwa lifti, wakatoka na begi na pasipoti kabla jirani yule hajamaliza bakuli lake. Lei mwenyewe alikimbia kusimamisha teksi. Baadaye dada wa mapokezi aliteremka kuwaonyesha picha aliyotumiwa: mgeni amekaa ndani ya treni, viatu kavua.

Yuhe alipumua. Bibi hakupumua.

"Walikuita Ramani kwa sababu ulikuwa unawaambia kweli," alisema. "Kusema hujui kusingekuvua jina. Kungemfikisha yule mama kwa lifti. Aibu ilikuwa yako, mjukuu wangu, lakini miguu iliyochubuka ni yake. Siku nyingine usipojua, sema, kisha tuulize wote."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa panda zile ngazi mpaka kwenye shule ya udereva, ukanitafutie Mawingu."

Yuhe alipanda na jua lote lile. Aliposhuka anahema, Bibi alimpa kikombe cha maji ya moto. Akanywa, wala hakuomba barafu.