Chuma Chenye Mawimbi

Watu wa Likasi wakinunua kitu cha chuma, kwanza hukigonga kwa kidole. Kikilia *du*, wanatabasamu. Kikilia *kwe*, wanaenda zao.

Godefroid alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza pousse-pousse, ile mikokoteni ya kusukuma kwa mikono. Zake zote zililia *du*. Baba yake alifanya kazi miaka mingi katika karakana za mgodi. Alimwachia nyundo moja na neno moja: "Kizito ndicho kinadumu." Godefroid alitembea na neno hilo kama mtu anavyotembea na jina lake.

Siku moja Mama Henriette, rais wa chama cha akina mama wauza unga, aliagiza pousse-pousse sita. Wenzake walikuwa wakibeba magunia kichwani, kutoka kinu hadi sokoni. Shingo zilikuwa zimechoka. Bei ikakubaliwa, mikono ikapeanwa.

Ndipo Godefroid akaenda kununua tole, vile vipande vipana vya chuma. Muuzaji, Cyrille, hakumwangalia usoni.

"Bei imepanda, ndugu yangu. Tole inatoka inje, na ku mpaka ushuru ya douane imepanda."

"Tena?"

"Tena. Na kesho, mi sijue."

Kwa bei ile Godefroid angetengeneza mikokoteni mitatu, si sita. Akajaribu ujanja. Alinunua tole nyembamba, nusu ya unene wa zamani, akatengeneza mkokoteni mmoja kwa umbo lile lile. Mama Henriette akaja, akapakia magunia mawili. Sakafu ikabonyea katikati.

"Papa Godefroid! Hii njo pousse-pousse ao sahani ya supu?"

Wenzake wakacheka hadi kushikana mabega. Mama Henriette hakucheka sana.

"Sikia, papa. Bamama beko nachoka. Siku ya posho nitarudia. Kama haiko muzuri, tutaenda kwa fundi mwingine."

Siku ya posho ni Jumamosi. Na kazi hiyo ilikuwa ndiyo kazi pekee ya mwezi mzima. Fidélie, mke wa Godefroid, alilijua hilo kama yeye. Ikipotea, karakana itafungwa.

Alhamisi mchana umeme, ule watu wa Likasi wanaouita kuran, ukakatika. Mvua ikaanza. Godefroid akalala chali juu ya benchi, macho kwenye paa la bati. Mvua ilipiga, ikapiga, na mawimbi ya bati yakaanza kutembea. Yakawa mto Lufira, mpana, wa rangi ya fedha, ukienda polepole kule Mwadingusha. Juu ya maji alitembea baba yake, na viatu vyake vizito vya kazi. Hakuzama. Maji yalimbeba tu.

"Papa, unatafuta nini?"

"Nyundo yangu."

"Ko-ko-ko!"

Godefroid akashtuka. Mlangoni alisimama jirani yake, Ya Orpha, akibisha hodi, amekimbia mvua. Zamani mama huyu alichora vipuri vya mashine. Sasa alifundisha uchoraji katika shule ya ufundi.

"Unalala, Godé? Pousse-pousse zinajitengeneza zenyewe?"

"Kuran haiko, Ya Orpha. Nimeota papa. Anatembea juu ya bati, sawa juu ya maji."

Akamweleza yote, na ile sahani ya supu pia. Ya Orpha aliinua macho akaangalia paa.

"Weye ulisha kupanda pale?"

"Mwaka jana, kupiga misumari."

"Ilikubeba?"

"Ilinibeba."

"Na unene yake?"

Godefroid akainua macho. Bati lile lilikuwa jembamba kuliko tole yake iliyobonyea.

"Sasa kilikubeba nini?"

"Mawimbi," akasema taratibu, kama mtu ambaye bado yuko mtoni.

"Njo ile! Tole ya kulala inabonyea. Ukiikunja, inasimama. Nguvu haiko mu kilo tu. Iko mu forme, mu umbo yake."

Akaokota chaki, akachora sakafu ya mkokoteni. Alichora migongo mitatu kwa urefu, na kingo zilizokunjwa juu pande zote.

"Na hapa, fasi ya ekseli, chuma ya magurudumu?" Godefroid akauliza.

"Pale usikuwe bahili. Tia kipande kinene ya zamani, sababu muzigo yote inaangukia pale. Pembeni gunia inaegama tu. Tia mbao."

Kisha akaona lundo la mabaki kwenye kona. "Na hii?"

"Ya kuuza ku kilo."

"Godé! Unalipa douane juu ya tole muzima, kisha unatupa robo yake? Mama akikata pagne, kitenge yake, anapanga kwanza. Chora vipande vya zote sita mbele ya kukata."

"Na kuran?"

"Kukunja haiombe kuran. Nyundo uko nayo, ao hapana?"

Godefroid akaiangalia nyundo ya baba yake ukutani. Akaishusha. Akabana tole kati ya vyuma viwili, akaanza kugonga, na mvua juu ya bati ikamwitikia.

"Na usijaribishie ku bamama," Ya Orpha alisema akitoka. "Pakia mara mbili ya muzigo yao, ulalishe siku muzima, uangalie."

Usiku umeme ukarudi, akachomelea. Ijumaa asubuhi Godefroid alipakia magunia manne ya mchanga. Jioni sakafu ilikuwa vilevile.

Jumamosi Mama Henriette akafika, akagonga kwa kidole. *Kwe.*

"Aa! Inalia sawa sufuria!"

"Panda, Mama Présidente."

"Mi? Na mwili huu?"

"Na magunia yako yote."

Akapanda, na magunia mawili. Wenzake walishika midomo. Sakafu haikutikisika. Akashuka, akaacha magunia ndani, akashika mikono ya mkokoteni, akaupandisha mlima wa sokoni. Peke yake. Zile nzito, walizokodi mara mojamoja sokoni, zilitaka akina mama wawili.

Huko juu akageuka, akapiga kelele:

"Godefroid! Kumbe zile zingine mulikuwa munatusukumisha chuma, hapana unga!"

Wiki iliyofuata zote sita zilikuwa tayari, kwa bei ileile waliyokubaliana. Na tangu siku hiyo, mteja akija, Godefroid humwambia bei yake inadumu siku kumi na tano tu, kwa sababu ushuru wa mpakani haulali.

Mvua ikarudi mchana mmoja. Ilipiga paa, ikapiga mikokoteni uani, na mlio ulikuwa mmoja. Godefroid, juu ya benchi, akasikia kama viatu vizito vikipita. Akainuka, akaitoa nyundo ukutani, akaitundika karibu na mlango, pahali pa kuonekana na anayeitafuta.