Kicheko cha Mtu Mmoja

Kila jioni baada ya chakula, Kidoti na mama yake walikaa kwenye kochi, na baba akasimama mbele ya kabati la vyombo kuwajaribishia vichekesho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuandika na kuigiza vichekesho vya televisheni. Zamani aliwavunja watu mbavu. Siku hizi watazamaji walikuwa wamepungua, na mwongozaji alikwisha kumwonya kwamba kipindi kikipoa tena kitafutwa.

Mama alikuwa fundi cherehani, mtu asiye na mizunguko. Kichekesho kikipwaya, alisema. Baba naye alinuna, hata salamu akaiitikia kwa taabu. Kidoti alichukia nyumba yenye watu wasiosemezana, basi akaanza kucheka kila kitu. Baba akamsifu kuwa ndiye pekee anayeijua sanaa, na mama hakuulizwa tena.

Jioni moja baba alijaribu kisa cha mzee anayegombana na kiti kibovu. Kidoti alijua ni kile kile cha mwaka jana, ila wakati ule mzee aligombana na mlango. Hata hivyo alijishika tumbo akacheka.

Siku ya kurekodi, studio ilijaa watazamaji, Kidoti akiwa kati yao. Baba alianguka na kiti chake, watu kimya. Akaanguka tena. Kidoti akacheka kwa nguvu, peke yake. Baba alimtazama kutoka jukwaani. Kicheko kilikuwa kile kile cha nyumbani, na hapo akaelewa kuwa kilikuwa cha kulazimisha. Maneno yote yakampotea mbele ya kamera.

Kipindi kikafutwa. Kidoti alishindwa kula kwa aibu.

“Baba, mimi ndiye niliyekuponza,” alisema. “Vichekesho vyako havikuwa vikinichekesha.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoanza kumnunia mama.”



Baadaye baba alipata kazi ya kumwandikia mchekeshaji kijana. Aliwasomea Kidoti na mama kisa cha kwanza. Kidoti akamwambia kwamba nusu ya pili inachosha. Baba alikunja uso, akajizuia, akaikata. Mama akamwonyesha mahali pengine pa kukata. Kisa kiliporushwa hewani, watu walicheka hadi machozi, wakimshangilia kijana. Jina la baba lilipita mwishoni kwa herufi ndogo, upesi mno kusomeka.

Kidoti alimwuliza kama inamuuma.

“Inauma sana,” baba alisema. “Lakini nilijitakia. Mama yako aliniambia kweli nikamnunia, wewe ukanidanganya nikakusifia. Nilikufundisha uongo mwenyewe. Ukimpenda mtu, mwanangu, mwambie kweli angali na nafasi ya kujirekebisha. Na wewe ukiambiwa kweli, usimfanye aliyekuambia ajute.”

Kisha akamgeukia mkewe, akamwomba radhi.

“Umechelewa,” mama alisema, macho yake bado kwenye televisheni. “Lakini nimekusikia.”