Uzi wa Kumpimia Dafina

Ukuta mpya wa zizi ulikuwa umesimama zaidi ya wiki tano, mkavu, lakini bado ulinuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo. Bosilka aliisikia harufu hiyo kila alipokwenda kukamua kondoo. Halafu akaanza kusikia pumzi. Zilitoka ndani ya mawe, na zilikwenda sawasawa na pumzi za mdogo wake, Dafina, aliyelala kitandani akikonda bila homa.

Bibi Trena alikuwa uani akitunga pilipili nyekundu za kuanika.

"Bibi," Bosilka alinong'ona, "siku ya kujenga, fundi Tale alimsimamisha Dafina juani, akapima kivuli chake kwa uzi. Alisema eti anamshonea koti."

"Koti? Yule hata kifungo chake hawezi kushona!" Pilipili zikamponyoka Bibi. Akafanya ishara ya msalaba. "Leo ni siku ya ngapi tangu apimwe?"

"Ya thelathini na tisa."

"Ameujengea uzi huo ukutani, kulilisha jini la ukuta. Aliyejengewa kivuli hamalizi siku arobaini."

Baba yao, Naumu, alikuwa amesimama mlangoni, uso mweupe kama chokaa.

"Ukuta ulianguka mara mbili, Mama," alisema. "Fundi alisema unataka kivuli cha mtu, nikamruhusu. Lakini nilimwambia apime mpita njia! Sio wa kwetu!"

"Na mpita njia hana mama?"

Naumu akachukua nyundo, wakaenda zizini. Jiwe la tatu lilipotoka, uzi ulionekana, umelowa, wa moto kama utumbo, na Bosilka alipouvuta ulivutwa pia kutoka upande wa pili, polepole, kwa nguvu, huku chumbani Dafina akilia kwamba kuna mtu anamshika miguu, na harufu ya udongo ikiwajaa puani hadi wakashindwa kupumua.

"Halitauachia bure," Bibi alisema. "Limeshaonja."

Naumu alitazama kivuli chake mwenyewe, kirefu juu ya mawe. Akafumua uzi kutoka kwenye soksi yake ya sufu.

"Nipime, Bosilka."

"Baba, hapana."

"Bibi yako ndiye aliyenizaa, hawezi. Nipime, mwanangu. Jua linazama."

Akampima kivuli chake. Uzi mpya ulipoingia ukutani, ule wa zamani ukalegea wenyewe.

Jioni hiyo Dafina aliomba mkate na jibini, akala, akaomba tena. Naumu alimtazama huku akicheka. Kule zizini pumzi zilikuwa zimebadilika: nzito, za mwanamume, zenye kikohozi kidogo cha tumbaku.

Bosilka akaanza kuhesabu siku. Moja.