Chozi Mlangoni

Mama Kijacho hakuwa na mtoto bado. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu mimba yake ilikuwa na miezi saba. Mumewe alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani. Nyuzi zilijaa kila mahali, na kila asubuhi mkewe alizifagia akinung'unika.

Siku moja aliona kitu kinaning'inia kwenye waya wa nguo, karibu na mlango. Kilikuwa majani makavu, utando wa buibui na vipande vya nyuzi.

"Uchafu huu nao!" Akainua ufagio.

"Wee! Acha!" Ni jirani yake, mama anayetunza bustani ya shule. "Hapo kuna chozi!"

Chozi? Mimba ya kwanza ya Mama Kijacho iliharibika, akalia mwaka mzima.

"Chozi tena? Silitaki! Nalitoa sasa hivi!"

Jirani akaja mbio, akamshika mkono.

"Si chozi la kulia, mwanangu. Chozi ndege! Tulia, utamwona."

Kweli, ndege mdogo wa kahawia akaja. Mdomo wake ulikuwa mwembamba, umepinda. Akaingia kwa tundu la ubavuni.

"Huyo ni jike," jirani akasema. "Ndiye anayejenga. Utando wa buibui ndiyo gundi yake. Ataatamia wiki mbili hivi. Makinda wakitoka, dume naye atasaidia kuwalisha wadudu. Wiki mbili nyingine, wanaruka."

"Lakini mlangoni kwangu, mama?"

"Nyoka na mwewe huogopa watu. Wewe ndiye mlinzi wake."

"Mlinzi! Na nyuzi zangu anaiba!" fundi akadakia. Wote wakacheka.

"Sasa nifanyeje?" Mama Kijacho akauliza.

"Usikiguse kiota. Usichungulie kila saa. Akisumbuliwa sana, ataacha mayai yake. Nguo anika kwingine. Na paka asikaribie."

Wakafanya hivyo. Waya mwingine ukafungwa uani. Paka akifika barazani, Mama Kijacho alimfukuza kwa kelele mpaka fundi akajichoma sindano.

Baada ya mwezi mmoja, makinda wawili walitoka kiotani. Wa kwanza akaruka. Wa pili akasitasita, kisha naye huyoo!

Mama Kijacho alifurahi mpaka akapiga kigelegele. Halafu akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe laini. Mimba nzima alikuwa amekataa kuandaa chochote, kwa hofu.

"Baba," akamwambia mumewe, "mshonee mtoto nguo."