Mchezaji wa Nne

Siku ya kwanza ilikuwa kete moja tu. Mwalimu alirudi kutoka kuanua nguo, mvua ikimfukuza, akakuta kete ya kijani imetoka boksini na kusimama njiani, na wanawe wawili wamekaa mbali na ubao wa ludo wakiitazama.

"Nani kaigusa?"

"Si sisi," alisema Dada, binti yake wa miaka minane. "Mgeni kapata sita."

Mwalimu alicheka. Mgeni alikuwa mtu wa kubuni tu, na aliyembuni ni yeye mwenyewe.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, na kwenye michezo ya watoto hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikagua mpaka wauzaji wakachoka: kete ziwe kubwa zisimezeke, ubao uwe mzito, kanuni zimalizike kuelezwa kabla mtoto hajapiga miayo, na mchezo wenyewe ukue na watoto, wa miaka minne aufurahie na wa kumi na minne asiuonee haya. Mwisho alichagua ludo ya mbao iliyochongwa kwa mkono, iliyokwishatumika na watu wengine. "Hii itatuzika sote," alimwambia mumewe, dereva wa malori, kwa simu.

Tatizo lilikuwa Bosi. Hilo ndilo jina la utani la mdogo wa miaka minne, kwa kuwa nyumba nzima ilienda kwa amri yake. Bosi akishika mkia alilia mpaka majirani wakachungulia. Ubao una nafasi nne, wao nyumbani ni watatu, basi Mwalimu akasema wa nne awe Mgeni. Walimtupia dadu, na kila mara walimchakachua. Akipata sita, wanasema ni tatu. Akikaribia kufika, wanamrudisha nyuma kwa kidole. Kwa mwezi mzima Mgeni ndiye aliyeshika mkia, na Bosi akawa mtoto mwenye raha.

Siku ya pili Mwalimu alikuwa bafuni akiwaogesha wote wawili aliposikia dadu ikigonga ubao sebuleni. Alikimbia na mikono yenye povu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni, na kete ya kijani ilikuwa imekaa mahali pa kete nyekundu ya Bosi, nayo nyekundu imerudishwa boksini, ambako kete haitoki bila sita.

Bosi alikuja nyuma yake akichuruzika maji. Aliutazama ubao.

"Kanila," alisema kwa sauti ndogo, kisha akaenda kukaa kwenye pembe, nyuma ya kochi.

"Toka huko uvae nguo, baba."

"Bado, Mama. Mpaka nipate sita."

Mwalimu alidhani ni deko. Lakini mtoto alikataa chakula, akakataa maji, na kila alipobebwa kupelekwa mezani alirudi pembeni bila kulia, yeye aliyekuwa akililia hata soksi, na daktari alimpima kichwa mpaka miguu akasema haoni ugonjwa, akampa dawa ya maji ambayo Bosi aliiacha imtiririke kidevuni, na Mwalimu aliporudi nyumbani alipiga magoti nyuma ya lile kochi akamtupia mwanawe dadu, akatupa, akatupa tena, mpaka vidole vikamuuma, na katika mara zote hizo sita haikutokea hata moja. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Jirani alimleta Fundi Saa, mtu mwenye miwani minene ambaye mchana alitengeneza saa na pembeni aliagua wenye majini. Alinusa sebule, akatikisa kichwa.

"Wa namna hii wanapita tu, hawana makao," alinong'ona. "Nyinyi mmempa kiti, mmempa jina, halafu mkamchezea rafu mwezi mzima. Sasa na yeye anacheza."

"Nauchoma huo ubao."

"Uchome, mtoto abaki humo humo. Dawa ni mchezo mmoja wa haki. Mtoto akitoka, mimi namfunga huyu. Ila hakuna kupendelea, hakuna kuonea, na hakuna kujiachia ushindwe. Hasa wewe, mama. Umenielewa?"

Walicheza alasiri hiyo, mapazia wazi. Zamu ya Mgeni ilipofika dadu ilijiviringisha yenyewe, na Dada akashika nguo ya mama yake asiiachie. Bosi alitupa kwa mkono wa baridi. Mbili. Nne. Moja. Kete za kijani ziliingia moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ya mwisho njiani, na Fundi Saa akasema kwa sauti iliyokauka kwamba hiyo nayo ikiingia mtoto hajatoka, basi.

Mwalimu alipata nne. Angeweza kukimbiza kete yake ya nyuma. Lakini alimtazama Bosi, midomo imepasuka kwa kiu, akashika kete ya mbele na kuitua hatua tatu mbele ya ile ya kijani.

"Unile mimi," alinong'ona. "Mtoto mwache."

"Mama, usijiachie!" Fundi Saa alipiga kelele.

Dadu iliviringika. Tatu. Kete ya kijani ilitembea taratibu ikaisukuma ya Mwalimu boksini.

Kisha Bosi akatupa, ikaja sita. Alikohoa, akafikicha macho. "Mama, nina njaa!"

Mwalimu alijawa na furaha. Alitaka kumkumbatia, mikono ikabaki magotini. Alitaka kumwita, ulimi haukunyanyuka. Fundi Saa alikuwa anakazia macho mlango wa jikoni.

Huko jikoni kabati lilifunguliwa. Sahani ziligongana. Kisha ikaja sauti, sauti ya Mwalimu mwenyewe, changamfu kama ya kila siku.

"Wanangu, njooni mle!"

Bosi alikimbia akicheka. Dada alibaki. Aliokota dadu, akapiga magoti mbele ya mama yake. "Ngoja, Mama, nakutupia. Moja. Ngoja. Tatu."

"Dada! Chakula kinapoa."

Msichana alitazama jikoni, akamtazama mama yake machoni kwa muda mrefu. Alimwekea dadu kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja, akaenda kula.