Chumvi Juu ya Jiwe

Hapo kale, ndani ya msitu mkubwa wa Bara Hindi, aliishi msichana mdogo. Jina lake Sombari.

Nyumbani kwao hakukuwa na chumvi. Siku nyingi sasa.

Bibi alikuwa mgonjwa. Kila akipewa uji wa mtama, anageuza uso. "Hauna chumvi," anasema. "Haupiti."

Bibi akakonda, akakonda, akawa kama ufito.

Basi Mama akabeba nta ya nyuki, aibadilishe na chumvi. Akaiweka juu ya jiwe, kando ya njia. Kisha akamvuta Sombari kichakani.

Jifiche. Nyamaza. Subiri.

"Watu wa njiani wasituone," Mama akanong'ona. "Mjomba wako alionekana. Wakamchukua akajenge ukuta wa mfalme. Hajarudi."

Ngelenge! Ngelenge! Ng'ombe wa mizigo wakaja na kengele zao. Mzee mmoja akaweka chumvi karibu na nta. Akaenda kungoja mbali, na ng'ombe wake.

"Tuchukue, Mama?"

"Ni kidogo. Tukiiacha, ataongeza."

Jifiche. Nyamaza. Subiri.

Wingu likaja. Zito. Jeusi.

Ta! Ta! Ta! Mvua!

"Mama, chumvi inayeyuka!"

"Nyamaza."

"Na Bibi je?"

 Mama machozi yalimlengalenga.

Sombari akachuma jani pana. Akatoka mbio. Akaifunika chumvi.

Mzee naye akaja mbio, ameshika ngozi ya ng'ombe. Wakakutana pale kwenye jiwe. Wakatazamana.

Sombari alitaka kukimbia. Lakini jani hakuliondoa.

"Kumbe katoto!" mzee akasema. "Miaka yote hii nilidhani nauzia mashetani!"

"Na sisi tulidhani una mkia," Sombari akasema.

Mzee akajipapasa nyuma. "Lo! Leo nimeusahau nyumbani."

Akaongeza chumvi. Akaongeza tena. Akaifunga yote ndani ya ngozi, akampa Sombari. Yeye akachukua nta.

Kisha akaziba macho kwa mkono. "Kimbia, mjukuu wangu. Mimi sijaona mtu."

Sombari akakimbia mpaka kwa Mama. Mama akamkumbatia kwa nguvu. 

Jioni mvua ilikuwa bado inanyesha. Mjomba hakuwa amerudi. Mama akakoroga uji, akatia chumvi.

Sombari akamlisha Bibi. Bibi akaonja kidogo. Akafumba macho. 

"Bibi?" Sombari akaita.

"Mbona umeacha kunilisha?" Bibi akasema. "Leta huo uji, wewe!"

Akala wote. Kisha akamvuta Sombari kwenye blanketi lake, wakalala.