Sauti ya Tusekile

Uchochoro ulioelekea mtoni ulikuwa mwembamba kuliko nyumba-gari yenyewe, lakini nyumba-gari haikurudi nyuma. Ilivuta kuta zake ndani taratibu, kama mtu anayebana tumbo apite katikati ya viti, ikakunja kitanda na meza, ikapandisha magurudumu ya upande mmoja juu ya ngazi za mawe, ikapita bila kugusa hata chungu cha maua. Jikoni, chai iliyokuwa ikichemka haikumwagika. Wapita njia hawakugeuka kutazama. Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ulikwisha kuyafukuza magari ya kawaida tangu zamani. Nyumba-gari peke yake, zinazokula jua na kujiendesha, ndizo ziliruhusiwa kufika ukingoni mwa mto.

"Tumefika," ilisema sauti kutoka darini. Hiyo ilikuwa sauti ya Mwenyeji, akili unde iliyoendesha gari, ikapika na kuwaongoza wageni kwa lugha yao. "Karibu tena, Bwana Lutengano. Chai nimeitia pilipili manga, kama anavyopenda Bi Tusekile. Yeye hakuja safari hii?"

Lutengano alikiweka kikombe mezani.

"Alifariki," alisema. "Zamani sasa. Huyu ni mke wangu, Mwasiti."

"Pole sana, Bwana. Karibu, Bi Mwasiti."

Mwasiti alikuwa mhandisi wa mitambo ya kumwagilia mashamba huko Morogoro, mwanamke asiyebabaishwa na mashine. Lakini hii ilimbabaisha. Walikuwa na mwaka mmoja tu tangu waoane, na hii ndiyo safari aliyoahidiwa: Ulaya, wao wawili, ndani ya nyumba yenye magurudumu. Hakuambiwa kwamba nyumba yenyewe ilikwisha kuwa na mama.

"Kumbe ni gari lile lile," alisema.

"Ni la zamani, ndiyo. Linastaafishwa msimu huu ukiisha," Lutengano alijibu, macho yake kwenye mto. "Nilitaka kulipanda mara ya mwisho."

Ukewenza na marehemu ni mgumu kuliko ukewenza na aliye hai. Marehemu hazeeki, hakosei, wala huwezi kumkuta kisimani mkamalizana.

Kesho yake asubuhi Lutengano alipotoka kwenda sokoni, Mwasiti alibaki.

"Mwenyeji," aliita. "Huyo Tusekile alikuwaje?"

"Naweza kukusimulia, au naweza kukusikilizisha. Maneno yote yanayosemwa ndani yangu huingia kwenye hazina ya safari, ili nijue kuwahudumia watu wangu wakirudi. Wewe ni mke uliyeandikishwa katika safari hii, kwa hiyo hazina ya familia ni yako pia."

"Nisikilizishe."

Sauti ikajaa chumbani, nene kidogo, yenye kicheko kilichokaa karibu na kila neno. "Baba Atupele, hebu itazame ile ngome kule mlimani. Si kama sufuria iliyofunikwa ikasahauliwa?" Halafu kicheko cha Lutengano. Mwasiti hakuwahi kukisikia kicheko cha namna ile. Mume wake yeye alicheka kwa pua, kwa adabu.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake akasikiliza mpaka mume wake aliporudi na mfuko wa matunda ya cheri.

Ikawa ndiyo kazi yake. Walipoiacha Ljubljana na kuingia mashambani, nyumba-gari ikipita katikati ya malisho na zile chanja ndefu za mbao ambazo wakulima wa huko hukaushia majani ya ng'ombe, Lutengano alishuka kila mara kutembea na kuchora. Kila aliposhuka, Mwasiti alisema, "Endelea." Alimsikia Tusekile akigombana na mapishi ya kabichi iliyochachushwa. Alimsikia akiwaogopa ng'ombe wenye kengele, kisha akiwapa majina ya mashangazi zake wa Tukuyu. Alimsikia akiimba Kinyakyusa huku akiosha vyombo, wimbo mmoja huo huo, akikosea pale pale kila siku na kujirudi. Mwasiti, mzaliwa wa Ujiji, hakuelewa hata neno moja la wimbo ule, lakini aliushika wote. Alirudia vipande vingine mara nyingi, kama mtu anayebonyeza jipu kujua kama bado linauma. Liliuma.

Alijaribu kuitia chai pilipili manga mwenyewe. Lutengano akainywa bila kusema kitu, na huo ukimya ukamchoma zaidi ya ambavyo maneno yangemchoma.

Walifika Ziwa Bohinj mchana mmoja mweupe, milima imejipanga kulizunguka, maji yametulia. Waliketi kwenye ngazi ya gari wakila mkate. Mbuzi mmoja alikuja akasimama mbele yao akiwatazama kwa dharau, na Mwasiti akasema, "Huyu ni ofisa uhamiaji, toa pasi yako." Lutengano akacheka. Akacheka kile kicheko chenyewe, cha kifuani, akamshika bega mkewe akasema, "Acha bwana, Tuse."

Kicheko kikakatika. "Samahani," alisema. "Ulimi."

"Si kitu," Mwasiti alijibu.

Lutengano akainuka, akasema anaenda kununua asali kwa wafugaji wa nyuki ng'ambo ya ziwa. Mwasiti alimtazama mpaka alipopotea kwenye miti. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

"Mwenyeji. Yote ya Tusekile, yafute."

"Una haki hiyo, Bi Mwasiti. Ila ni wajibu wangu kukueleza. Hazina hii haina nakala popote. Nikifuta, sitabakiwa hata na jina lake."

"Nimeelewa. Futa."

"Naomba uthibitishe mara ya pili."

"Nathibitisha."

Hakukuwa na mlio wala taa. Mwasiti aliketi akingoja nafuu ije, na kweli ilikuja, ikakaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Lutengano alirudi na chupa ya asali na uso wa mtu aliyekata shauri.

"Mke wangu, keti. Kuna jambo nimekuficha, na si vizuri," alisema. "Tusekile alikuwa mtu wa ajabu, hakutaka picha wala kurekodiwa. Alisema vinamwibia kitu. Amekufa binti yetu Atupele ana miaka minne. Sasa mtoto anakaribia kujifungua na ananiuliza, Baba, mama alikuwa na sauti gani? Nitamjibu nini? Ndipo nikakumbuka humu ndani alijisahau, akaongea. Mimi mwenyewe kusikiliza siwezi, nimejaribu kujikaza tangu Ljubljana nimeshindwa. Nataka tu aipate mtoto kabla gari halijavunjwa. Sikukwambia kwa sababu niliona unavyoumia jina likitajwa." Akainua uso. "Mwenyeji, sauti zote za Tusekile, mtumie Atupele."

"Bwana Lutengano," Mwenyeji alijibu kwa upole ule ule, "katika hazina yangu hakuna mtu wa jina hilo."

Mwasiti hakungoja aulizwe. "Nimezifuta mimi. Sasa hivi, ulipokuwa ng'ambo."

Lutengano alimtazama. Akaiweka asali mezani polepole, akatoka, akaenda kusimama majini mpaka kwenye vifundo, amevaa viatu.

Hapo hapo simu ya Lutengano iliita mezani, ni Atupele anapiga. Baba yake alikuwa amemwahidi kitu mchana ule. Mwasiti angeweza kuiacha iite. Akaipokea na kuitikia.

"Shikamoo Mama Mdogo. Baba amesema leo kuna kitu changu."

"Marahaba mwanangu. Kilikuwepo." Alimweleza alichofanya, bila kujitetea. Upande wa pili mtu akavuta kamasi.

"Kwa hiyo hakuna tena," Atupele alisema.

"Mashine haina. Lakini mimi nilisikiliza kila siku, kila baba yako alipotoka. Mama yako alisema ngome ya Ljubljana ni kama sufuria iliyofunikwa ikasahauliwa. Ng'ombe mweusi mwenye kengele kubwa alimwita Shangazi Ambakisye. Sauti yake ilikuwa nene, na akitaka kucheka huanza kwa kushusha pumzi. Na wimbo wake ninao."

Akauimba. Aliimba vibaya, kwa lafudhi ya Ujiji, maneno asiyoyajua, na alipofika mahali pa kukosea akakosea vile vile na kujirudi. Lutengano alikuwa amesimama mlangoni, viatu vikichuruzika maji. Hakuingia, lakini hakuondoka.

Wimbo ulipokwisha, Atupele aliuliza, "Mama Mdogo, ulimsikiliza hivyo kwa sababu ulimpenda?"

"Hapana," Mwasiti alisema. "Nilimwonea wivu."

Atupele alivuta pumzi ndefu.

"Basi endelea," alisema.